Kiima na Kitenzi: Tahakiki ya Kanuni Moja ya Sarufi ya Kiingereza Wanayofundishwa Watoto

Katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza vilivyotungwa kwa ajili ya watoto, ni chache sana kanuni zinazorudiwa mara nyingi kama ile isemayo kwamba kitenzi sharti kipatane na kiima chake. Aghalabu mtoto huielezwa kwa maneno machache: kiima kikiwa cha umoja, kitenzi huongezewa s, kiima kikiwa cha wingi, kitenzi hubaki bila s. Kisha hupewa sentensi kumi au ishirini zenye nafasi tupu azijaze, na kila alipokosa hutiwa wino mwekundu.

Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo kwa mtoto mwenyewe. Katika Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na mtoto aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza chake hupimwa mapema, na hupimwa kwanza kwa makosa yale yanayoonekana upesi. Hakuna kosa linaloonekana upesi kuliko s iliyoachwa. Mtoto mwenye fikira nzuri aweza kuhesabiwa mjinga kwa sababu ya herufi moja, ambayo, kama tutakavyoona, haina kazi kubwa katika maana ya sentensi. Kwa sababu hiyo yafaa tuichunguze kanuni yenyewe: ilitoka wapi, yasema kweli kiasi gani, na yamfaa nini mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili.

I. Asili ya kanuni

Kanuni hii haikuzaliwa katika Kiingereza. Katika miaka ya 1540 Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru sarufi moja ya Kilatini, iliyojulikana kwa jina la William Lily, itumike shuleni. Sarufi hiyo iliwafundisha watoto mapatano matatu: la kitenzi na kiima, la kivumishi na jina, na la neno rejeshi na jina linalorejewa. Mwaka 1586 William Bullokar alipotoa sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyopigwa chapa, alifuata nyayo za Lily. Askofu Robert Lowth alitoa sarufi yake mwaka 1762, na Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia mji wa York, alitoa yake mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana. Kitabu cha Murray kilipigwa chapa mara nyingi sana katika Uingereza na Marekani, na mwaka 1797 kilifupishwa kwa ajili ya watoto wadogo. Vitabu vingi vya shule vya karne iliyofuata vilikitegemea au kukiiga.

Sasa, katika Kilatini kanuni ya upatanisho ilikuwa na kazi ya kweli. Kitenzi cha wakati uliopo kilikuwa na miisho sita, mmoja kwa kila nafsi, na mara nyingi kiima hakikutajwa kabisa. Mwisho wa kitenzi ndio uliomtaja mtenda. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho kadhaa. Lakini miisho hiyo ililika kidogo kidogo. Kusini mwa Uingereza watu walisema kitenzi kwa mwisho wa -eth, na kaskazini kwa mwisho wa -s. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ilishika -eth. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alitumia zote mbili. Na katika karne ile ile ya 17 s ya kaskazini ikashinda. Neno la kumwita mtu mmoja, thou, lilipoachwa katika maneno ya kila siku, lilikwenda pamoja na mwisho wake wa -est. Katika vitenzi vya kawaida ikabaki s moja tu, katika wakati mmoja tu, kwa nafsi moja tu.

Basi hapo ndipo tunapoona kosa la kwanza la vitabu vyetu. Nyumba ya upatanisho katika Kiingereza imebomoka, imesalia nguzo moja. Lakini mtoto huonyeshwa nguzo hiyo na kuambiwa kwamba ni nyumba nzima.

II. Kanuni inasema kweli kiasi gani?

Tuipime kanuni kama inavyosemwa. Husemwa kwamba kiima cha umoja hutaka kitenzi chenye s. Nafsi za umoja ni tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mimi ni mmoja, lakini husemwa I go. Wewe u mmoja, lakini husemwa you go. Ni nafsi ya tatu peke yake inayosema he goes au she goes. Kwa hiyo kanuni ni ya uongo katika nafsi mbili kati ya tatu, na mtoto mwerevu anayeifuata kwa uaminifu huandika I goes. Kosa hilo si la mtoto. Ni tunda la kanuni aliyopewa.

Kitenzi cha kuwa ndicho chenye maumbo mengi zaidi: am, is, are, na katika wakati uliopita was na were. Hata hapa kanuni ya umoja na wingi haitoshi, kwani mtu mmoja huambiwa you are, umbo lile lile la wingi. Waingereza wenyewe walipata kubishana juu ya jambo hili. Katika karne ya 18 wengi walisema you was kwa mtu mmoja na you were kwa wengi, wakitenganisha idadi kama kanuni inavyotaka. Lowth aliyashutumu matumizi hayo, na Noah Webster wa Marekani aliyatetea mwaka 1789. Aliyeshinda ni Lowth. Tena kuna vitenzi visaidizi kama can, must na will, ambavyo havipokei s hata kwa nafsi ya tatu.

Jambo la pili ni jina lenyewe la kitenzi cha umoja. Mtoto anayesikia kwamba kitenzi chaweza kuwa cha umoja au cha wingi hudhani kwamba tendo ndilo linalohesabiwa. Zaidi ya hayo, jina la Kiingereza huongezewa s ili liwe la wingi, na kitenzi huongezewa s mtenda akiwa mmoja. Herufi moja imepewa kazi mbili zinazopingana, na kitabu kinaziweka katika ukurasa mmoja bila neno la maelezo.

La tatu, kanuni haisemi lolote juu ya maana. Wanazuoni wa Kiingereza walikwisha kulitambua jambo hili. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1972, walieleza kwamba upatanisho wa Kiingereza huongozwa na misingi mitatu: umbo, maana, na ukaribu. Kwa umbo, the committee ni neno la umoja, na yafaa kusema the committee has decided. Kwa maana, kamati ni watu wengi, na Waingereza husema pia the committee have decided. Kwa ukaribu, katika sentensi kama either the teacher or the pupils are late, kitenzi hufuata jina lililo jirani nacho. Katika vitabu vya watoto msingi wa kwanza tu ndio uliosalia. Na mtoto anapokutana na the police are here au the news is good, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya pekee, ayakariri.

III. Watoto wa Kiingereza wenyewe

Yafaa kuuliza kama watoto waliozaliwa katika Kiingereza huishika s hii mapema. Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza jinsi watoto watatu walivyoyapata maumbo kumi na manne ya sarufi. S ya wingi wa majina ilikuwa ya nne, s ya umilikaji ilikuwa ya sita, na s ya kitenzi ilikuwa ya kumi. Msomaji aliangalie jambo hili vizuri. S zote tatu hutamkwa namna moja. Ulimi ulioweza kutamka ya nne hauwezi kusemwa kwamba umeshindwa na ya kumi. Kilichokawia si ulimi bali sababu ya kuitamka.

Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza katika Marekani. Ijapokuwa lugha zao za nyumbani hazifanani hata kidogo, mpangilio wa kuyapata maumbo ya Kiingereza ulikaribiana sana, na s ya kitenzi ilikuwa miongoni mwa yaliyochelewa. Baadaye, mwaka 2005, Valerie Johnson, Jill de Villiers na Harry Seymour walichunguza kama watoto wanaosema Kiingereza huitumia s ya kitenzi kutambua idadi ya watenda. Walitumia sentensi za namna ya the duck swims na the ducks swim, ambamo s ya wingi ya jina humezwa na s inayoanza kitenzi, na sikio hubaki na s ya mwisho wa kitenzi kuwa dalili pekee. Watoto wa miaka 3 na 4 hawakuitambua dalili hiyo. Wa miaka 5 na 6 ndio walioanza kuitambua.

Ikiwa mtoto aliyenyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama huishi miaka mitano kabla ya kuitumia s kama dalili, twawezaje kumlaumu mtoto wa Kilosa au wa Lamu anayeisikia katika vipindi vichache kwa juma?

IV. Mtoto anayesema Kiswahili

Hapa twafikia kosa kubwa zaidi la vitabu hivi, nalo ni kumfundisha mtoto wa Kiswahili upatanisho kana kwamba ni kitu asichokijua. Kwa hakika yeye ni bingwa wake. Kabla hajaingia darasani husema kiti kimevunjika na viti vimevunjika, jino limeng'oka na meno yameng'oka, mti umeanguka na miti imeanguka. Kila jina huvuta kiambishi chake, na kiambishi hicho hakiachwi. Mtoto mwenye kuyajua haya hahitaji kuambiwa kwamba kitenzi hupatana na kiima. Ahitaji kuambiwa kwamba katika Kiingereza mapatano hayo ni haba, na kwamba yamehamia mwisho wa kitenzi.

Hata ule msingi wa maana anaujua. Kiboko na kifaru yana umbo la ki-, lakini hasemi kiboko kimekufa anapomtaja mnyama. Husema kiboko amekufa. Tena husema rafiki zangu wamefika. Katika maneno haya machache zangu hufuata umbo la jina, na wamefika hufuata maana yake. Mwingereza asemapo this committee have decided hufanya vivyo hivyo: this ni ya umoja kwa umbo, have ni ya wingi kwa maana. Mwalimu akiziweka sentensi hizi mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, jambo ambalo kitabu huliita la pekee litakuwa la kawaida.

Makosa ya mtoto huyu basi hutoka kwingine. Kwanza, kiambishi a- cha Kiswahili hukaa hata jina likiwapo: baba anakwenda. Mtoto hukitafuta kiambishi hicho mbele ya kitenzi cha Kiingereza, hukuta he, na huandika father he go. Amepatanisha kitenzi na kiima kwa uangalifu, ila kwa desturi ya kwao. Pili, kuna haibadiliki kwa idadi: kuna mgeni, kuna wageni. Kwa hiyo huandika there is many guests, asijue kwamba katika Kiingereza kitenzi hutazama jina linalokuja baada yake. Tatu, yapo majina ambayo lugha mbili huyahesabu tofauti. Maji yamemwagika, lakini the water is. Nywele zake ni ndefu, lakini her hair is long. Suruali imechanika, lakini the trousers are torn. Makosa ya namna hii si ya upatanisho hata kidogo. Ni ya majina, na yafaa yafundishwe pamoja na majina.

Kwa upande mwingine, ipo mitego ambayo Kiswahili humwokoa. Wenye Kiingereza wenyewe hukosea kiima kinapokuwa mbali na kitenzi, na jina jingine likaingia katikati. Kathryn Bock na Carol Miller walilichunguza kosa hilo kwa watu wazima mwaka 1991, na kuona kwamba jina la wingi lililo karibu huvuta kitenzi upande wake. Mtoto anayetunga sentensi kama the basket of mangoes is heavy aweza kuvutwa na mangoes. Lakini mwambie aiseme kwa Kiswahili: kikapu cha maembe kimeanguka. Hatasema yameanguka. Kiambishi ki- humwonyesha bila shaka kwamba mwenye sentensi ni kikapu. Vivyo hivyo mmoja wa watoto amelala humfundisha one of the children is asleep. Lugha ya mtoto ni mizani iliyo tayari mkononi mwake, na vitabu vyetu humwagiza aiache mlangoni.

V. Nini kifanywe?

Pengine msomaji atasema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mtoto mdogo ahitaji kanuni fupi, si hadithi za Lily na Lowth. Ni kweli, lakini fupi si lazima iwe ya uongo. Kanuni ya kweli nayo ni fupi: katika wakati uliopo, ikiwa mahali pa kiima waweza kuweka he, she au it, kitenzi hupokea s, la sivyo, hakipokei. Kanuni hii haimdanganyi juu ya I wala you, na yaeleza hata the police are na the news is, kwani polisi ni they na habari ni it. Vitenzi kama can na must vitajwe kando, kwani ni vichache.

Pili, s ifundishwe kwanza mahali inapofanya kazi. Katika the boy runs haifanyi kazi yoyote, kwa kuwa umoja umekwisha kuonekana katika boy. Lakini liko jina ambalo halibadiliki kwa idadi katika lugha zote mbili, nalo ni kondoo. Kondoo anakula majani. Kondoo wanakula majani. The sheep eats grass. The sheep eat grass. Katika Kiswahili kiambishi peke yake ndicho kinachotuambia kama ni mmoja au wengi, na katika Kiingereza s peke yake. Mtoto akichora kondoo mmoja chini ya sentensi ya kwanza na kundi chini ya ya pili, ataiona sababu ya s, na mtu akiisha kuona sababu ya kitu hana haja ya kukariri sana.

Tatu, afundishwe kwamba s ni moja tu katika kitenzi kizima. Ikishakaa katika does, hairudi katika go: he goes, lakini does he go, na he does not go. Kosa la does he goes ni la mtoto aliyejitahidi kupita kiasi, naye astahili maelezo kuliko adhabu.

Nne, sentensi za mazoezi zisiwe zote za maneno matatu. Kiima kikikaa kila siku ubavuni mwa kitenzi, mtoto hapimwi upatanisho bali macho.

Tano, na hili ni la wasahihishaji, alama zipimwe kwa uzito wa kosa. Katika majimbo ya Norfolk na Suffolk, ndani ya Uingereza yenyewe, wenyeji wamekuwa tangu zamani wakisema he go bila s, nao wasikilizana. Barbara Seidlhofer wa Vienna alieleza mwaka 2004 kwamba watu wa mataifa mbalimbali wanaozungumza Kiingereza baina yao mara nyingi huiacha s hii, na kwa kawaida maelewano hayaharibiki. Sisemi kwamba s isifundishwe. Kiingereza sanifu chaitaka, mitihani yaitaka, na mtoto asiyeijua atafungiwa milango. Nasema kwamba insha yenye fikira nzuri na s tatu zilizoachwa si insha mbaya, na insha tupu yenye s zote si insha njema. Msahihishaji asiyetofautisha hayo mawili hupima jambo ambalo hata watoto wa Waingereza huchelewa kulipata, na kuliita akili.

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza kwa watoto wa Afrika Mashariki vyahitaji kutungwa na watu wanaozijua lugha zote mbili kwa undani, ili ukurasa wa upatanisho uanze na kile ambacho mtoto amekuja nacho. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala vyombo vigumu. Yahitaji mtungaji atakayeona kwamba mtoto aliyesema viti vimevunjika amekwisha kupita sehemu ngumu ya somo, na kilichobaki ni kumwonyesha herufi moja na mahali pake.